Jimny ya kizazi gani? Maana ya "kizazi" cha gari

Shemeji yangu wa Kiserian alinituma mjini nimnunulie pampu ya maji ya Suzuki Jimny yake, lile gari dogo la porini. Nikaenda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwenye maduka ya vipuri, pale ambapo wenyeji bado wanapaita Grogan, nikasimama kwenye kaunta na kusema, kwa sauti ya mtu anayejua anachotaka, "Pampu ya maji, Jimny, 2008." Sikupewa pampu. Nilipewa swali.

"Boss, ni JB ngapi?"

Nikapiga simu. "Shemeji, gari lako ni JB ngapi?"

"Ni Jimny."

"Najua ni Jimny."

"Ile ya bluu, shemeji."

Muuzaji alikuwa tayari ameshamgeukia mteja mwingine, na sikumlaumu. Nilikuwa kama mtu aliyefika Umoja kumtafuta jamaa yake na anachojua tu ni kwamba ploti ina geti jeusi. Mwaka niliutaja sawasawa, na kizazi kwa mwaka huo ni kimoja tu. Bado havikutosha. Alichotaka ni msimbo, yale maherufi na namba ambayo kiwanda huyapa kila toleo, na JB ndiyo mwanzo wake. Ili ieleweke ni kwa nini, inabidi neno "kizazi" lifunguliwe kama injini.

Gari huanza kama mchoro: chasisi ya namna fulani, bodi yake, mahali pa injini, namna magurudumu yanavyoshikwa. Kiwanda hutengeneza kwa mchoro huo miaka nenda miaka rudi. Siku wakiuweka kando na kuchora gari upya kuanzia chini, huku jina likibaki lilelile, hapo ndipo tunasema kizazi kipya kimezaliwa. Taa mpya na grili mpya juu ya gari lilelile si kizazi. Ni kupakwa poda. Wauzaji wa yadi za Ngong Road huita yote mawili "shepu mpya", na kwa kazi yao hilo neno linafaa sana, maana halimfungi mtu.

Jimny ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu vizazi vyake ni vichache kuliko umri wake. Toyota Corolla, iliyoanza 1966, ilifikia kizazi cha 12 mwaka 2018. Jimny ilianza 1970, na mwaka huohuo wa 2018 ndiyo kwanza ilikuwa inaingia kizazi cha 4. Ya kwanza 1970, ya pili 1981, ya tatu 1998, ya nne 2018. Yaani pengo lilikuwa miaka 11, kisha 17, kisha 20. Gari linazidi kuzeeka kabla ya kuzaa.

Lakini kabla ya kuanza kuhesabu yaliyobadilika, tazama yaliyogoma kubadilika, kwa sababu ndiyo yanayofanya Jimny iwe Jimny. Chasisi ni ya ngazi: mihimili miwili ya chuma iliyofungwa vipande vya kukatiza, kama lori, bodi ikiwekwa juu. Mbele na nyuma kuna ekseli nzima, bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, kwa hiyo jiwe likiinua tairi la kulia, la kushoto linasukumwa kukanyaga chini. Halafu kuna gia nzito, ile inayofanya gari litambae polepole kwa nguvu za punda. Mambo hayo matatu yamevuka vizazi vyote vinne. Magari mengi ya ukubwa huu yanayojiita ya porini yaliyaacha zamani, na ndiyo maana utayaona mazuri mno kwenye maegesho ya Karen na hutayaona Suswa mvua ikinyesha.

Jambo jingine lisilobadilika ni udogo, na udogo huu haukutokana na mapenzi ya mchoraji. Ulitokana na sheria. Japani ina daraja la magari madogo linaloitwa kei: ukikubali kubaki ndani ya vipimo fulani, unapata nafuu ya kodi. Mwaka 1970 vipimo hivyo vilikuwa injini isiyozidi cc 360 na urefu usiozidi mita 3. Suzuki walikuwa wamenunua mchoro wa gari dogo la porini kutoka kampuni ndogo iliyoitwa Hope, wakalifanyia kazi, na Aprili 1970 likatoka kwa msimbo LJ10: injini ya cc 359 ya mipigo miwili, ile aina ya pawasoo inayochoma oili pamoja na petroli, nguvu-farasi 25. Hiyo injini ni kama boda tatu za cc 125 ukizijumlisha, na bado ilikuwa inazungusha magurudumu manne. Tairi la akiba lilipaswa kuning'inia nyuma, lakini likining'inia gari linapita mita 3. Wakaliingiza ndani, likachukua nafasi ya abiria mmoja. Gari likabaki na viti vitatu. Kwangu hicho kiti kilichokosekana kinaeleza historia ya Jimny kuliko picha yoyote ya milimani.

Ndani ya kizazi hicho cha kwanza mambo mengi yalibadilika: mwaka 1972 injini iliyokuwa ikipozwa kwa upepo ikaanza kupozwa kwa maji, sheria ilipoachia hadi cc 550 mwaka 1976 injini ikakua, na 1977 ikaja LJ80 yenye injini ya mipigo minne ya cc 797. Msimbo ulibadilika kila mara. Kizazi hakikubadilika, kwa sababu chini na juu lilikuwa bado ni gari lilelile.

Kizazi cha pili, cha 1981, ndicho wazee wa Nairobi wanakijua kwa jina la Sierra. SJ410 ya cc 970, bodi ya kona nne kama sanduku la bati la shule, springi za bamba kama za lori. Marekani iliuzwa kwa jina Samurai, na India ilitengenezwa kuanzia 1985 kama Maruti Gypsy na ikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 30, hata baada ya Japani kwenyewe kuhamia kizazi kingine. Hapo ujue jambo: kizazi hakifi siku moja duniani kote. Babu anaweza kuwa bado anafanya kazi India wakati mjukuu anauzwa Tokyo.

Kizazi hicho cha pili pia ndicho kinachoniharibia maana niliyoitoa juu. Mwaka 1995, kwa soko la Japani, Suzuki walitoa springi za bamba wakaweka za koili. Kwa aliyekaa ndani, hilo ni gari jingine kabisa. Mgongo wako utakuambia kabla ya fundi. Kwa kipimo cha "kuchorwa upya chini" ungesema kizazi kipya kilizaliwa hapo. Lakini hesabu ya kawaida inasema hapana, kwa kuwa bodi ilibaki ileile. Kwa hiyo kizazi si kipimo cha kisayansi. Ni mahali watengenezaji na wapenzi wa gari wamekubaliana kukata, na mara nyingi kisu hufuata bodi.

Oktoba 1998 sheria ya kei ilibadilika tena, ikaruhusu urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48. Mwezi huohuo kizazi cha tatu kikatoka, urefu milimita 3,395. Sidhani kuna haja ya kueleza zaidi nani alikuwa anashika penseli.

Hiki cha tatu ndicho ninachokiona kila siku barabarani Nairobi: kona zimelainishwa, sura ya mviringo, koili mbele na nyuma. Na hiki ndicho kilichonitia aibu Grogan, kwa sababu chini ya sura hiyo moja kuna magari mawili yasiyofanana moyoni. JB23 ni ya kei, cc 660 yenye turbo. JB43 ni ya nje ya kei, cc 1,328, haina turbo, na imepanuliwa mabawa juu ya matairi. Zote zilitengenezwa 2008. Zote ni kizazi cha tatu. Pampu zao za maji hazijuani.

Watu hudharau ile ya 660 mpaka waiendeshe. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huinyima injini isiyo na turbo sehemu ya nguvu zake. Turbo hufidia kwa kuisukuma hewa ndani. Kupanda kutoka Kiserian kuelekea Corner Baridi, kile kiinjini kinajitahidi kwa namna ambayo hukuitarajia. Huko Mombasa usawa wa bahari, ya 1300 ingekuwa na maneno yake.

Kizazi hiki kina ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima. Uko Thika Road, mwendo wa 80 hivi, unagonga kishimo, na usukani unaanza kutetemeka kana kwamba gari limepandwa na mashetani, hautulii mpaka upunguze mwendo. Mara nyingi chanzo huwa ni mchanganyiko: tairi halijabalansiwa, bushi za ekseli ya mbele zimekwisha, beringi za kingpini zimelegea. Anayekuuzia kishikizo kipya cha kutuliza usukani peke yake anakufunikia ugonjwa. Matoleo ya baadaye ya kizazi hiki pia yalibadilisha wenzo wa magurudumu manne wakaweka kitufe. Kitufe hicho hutegemea vipaipu vya mpira vinavyovuta hewa kufunga vitovu vya mbele, na mpira ukipasuka taa ya dashibodi inapepesa na wewe unabaki kwenye tope na magurudumu mawili.

Kizazi cha tatu kiliisha 2018. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mpaka huo husogea mwaka mmoja kila Januari. Kwa hiyo zilizopo ndizo zilizopo. Muuzaji anajua hivyo, na bei anayokutajia inajua pia.

Julai 2018 kikaja cha nne, na Suzuki wakafanya jambo nisilolitarajia: wakarudi kwenye kona nne. Taa za duara, vioo vya dirisha vilivyonyooka, wenzo ukarudi mahali pake na kitufe kikatupwa. Kwa macho ni mjukuu aliyefanana na babu akamruka baba. JB64 ni ya kei, cc 660 yenye turbo kama kawaida. JB74 ni ya cc 1,462, nguvu-farasi 102, na huku kwetu kubaki chini ya cc 1,500 kuna maana yake siku ya kulipa ushuru. Inasimama milimita 210 kutoka ardhini. Chasisi ni ile ya ngazi ya kizazi cha tatu iliyoongezwa viungo vya kukatiza ili isijipinde, na hapo tena mpaka wa kizazi unakuwa na ukungu: wamechora upya, lakini si kwenye karatasi tupu.

Kwa hiyo kuna majibu matatu kwa swali "Jimny gani?" na kila moja lina mahali pake. Jina linatosha kwenye harusi. Kizazi kinatosha unapobishana na marafiki, au unapopanga kununua, kwa kuwa kinakuambia umbo, starehe na magonjwa ya ukoo. Kwenye kaunta ni msimbo tu. Uko kwenye namba ya chasisi, nayo imeandikwa kwenye logbuku. Gari lililotoka Japani likiwa limetumika huanza moja kwa moja, JB23W kisha tarakimu. Lile lililoundwa kwa soko la nje lina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, na JB43 imefichwa katikati. JB23 yenyewe Wajapani huigawa matoleo madogo 10, kwa hiyo hata msimbo sahihi unaweza kuulizwa swali la pili. Beba logbuku, au picha yake kwenye simu.

Sasa kuna Jimny ya milango mitano, iliyoonyeshwa India Januari 2023 na kutengenezwa huko. Ilipotangazwa Japani mwanzoni mwa 2025 kwa jina Nomade, oda zilifika kama 50,000 ndani ya siku nne, Suzuki wakasimamisha kupokea nyingine. Nimeshasikia ikiitwa kizazi cha tano. Si cha tano. Ni cha nne kilichorefushwa: umbali kati ya ekseli umeongezwa milimita 340, na msimbo wa Japani umegeuka kutoka JB74 kuwa JC74, herufi moja tu. Ikifika Grogan ikitafuta boneti, ya JB74 itaingia. Ikitafuta propela shafti ya nyuma, lile bomba refu linalozungusha ekseli, haitaingia.

Shemeji alinitumia picha ya logbuku jioni. JB23W. Nikarudi kesho yake.