Udhaifu wa kunyima huduma kwenye kivinjari ni nini?

Ni kasoro ya programu inayompa mtu uwezo wa kukifanya kivinjari chako (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome au Safari) kigande au kijifunge chenyewe, kwa sababu tu umefungua ukurasa aliouandaa. Haibi nenosiri wala hasomi meseji zako. Anachokunyima ni matumizi ya kivinjari. Tusiuchanganye na yale mashambulizi ambapo maelfu ya kompyuta huielemea seva ya benki (kompyuta inayohifadhi tovuti yake) mpaka tovuti haifunguki. Hapa seva ni nzima. Kinacholemewa ni simu au kompyuta yako, na ukurasa mmoja unatosha.

Chukua tovuti ya mzaha iliyosambaa Januari 2016, iliyokuwa ikizifanya iPhone zijizime na kujiwasha upya. Vivinjari vya kisasa huruhusu ukurasa ubadilishe anwani inayoonekana juu na kuiingiza kwenye historia bila kupakia ukurasa mwingine. Ni huduma halali kabisa. Ndiyo inayokuwezesha kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma ukiwa ndani ya ramani au barua pepe. Tovuti ile iliandikwa iitumie huduma hiyo mara 100,000 mfululizo, kila mara ikibandika namba inayofuata mwishoni mwa anwani: 0, kisha 01, kisha 012, kisha 0123. Piga hesabu: anwani ya mwisho ingekuwa na tarakimu 488,890, na nyuma yake zipo nyingine 99,999 ambazo zote zinatakiwa kutunzwa. Kumbukumbu ya simu haiwezi kufika huko. Hakuna kirusi kilichoingia, hakuna faili lililopakuliwa. Baadaye Safari iliwekewa kikomo: ukurasa ukibadilisha anwani zaidi ya mara 100 ndani ya muda mfupi, unakataliwa.

Si lazima kivinjari kielemewe. Septemba 2015 mtafiti wa usalama wa kompyuta, Andris Atteka, alionyesha kwamba Chrome 45 huangushwa na anwani yenye herufi 16 tu: http://a/%%30%30. Alama %30 ni namna ya kuandika sifuri, kwa hiyo ikifasiriwa mara ya kwanza inabaki %00, na hiyo nayo ikifasiriwa inakuwa herufi tupu isiyoruhusiwa kwenye anwani. Anwani iliyokwisha kukubaliwa kuwa sahihi ikageuka batili njiani, na programu ikaanguka. Hata kupitisha kishale cha mausi juu ya kiungo hicho kulitosha.

Google hawakumlipa Atteka zawadi ya ugunduzi, kwa kuwa kasoro za namna hii wanazihesabu kama hitilafu za kawaida, si za kiusalama. Hoja yao inaeleweka: ukifunga ukurasa, tatizo limekwisha. Lakini nadhani inamsahau mtumiaji asiyejua namna ya kuufunga. Matapeli wamezitumia kasoro hizi hizi kugandisha kivinjari huku kioo kizima kikionyesha onyo la uongo kwamba kompyuta ina virusi, pamoja na namba ya simu ya "fundi". Mtu anabonyeza huku na huku, hakuna kinachoitika, hofu inampanda, anapiga. Fedha zinatoka hapo. Tena, si kila kuanguka kwa kivinjari ni jambo dogo: nyingine ni dalili ya kasoro ya kumbukumbu inayoweza kumruhusu mshambuliaji aendeshe programu zake ndani ya mashine yako, ndiyo maana wahandisi huzichunguza moja moja.

Ikikutokea, usipige namba yoyote iliyo kwenye kioo. Lazimisha kivinjari kifungwe: kwenye simu, kiondoe katika orodha ya programu zilizo wazi, kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kichague, ukisitishe. Ukikifungua tena kikakuuliza kama kirejeshe kurasa za awali, kataa. Kama kinazirejesha bila kuuliza, zima data na Wi-Fi kwanza, kifungue, funga ule ukurasa, ndipo uwashe intaneti.