Je, wajua kwa nini chama kisicho na dini kinataka kumchagua Dalai Lama ajaye, yaani kiongozi mkuu wa dini ya Kibudha ya Tibet?

Chama cha Kikomunisti cha China hakiruhusu wanachama wake kuwa na dini yoyote, lakini mwaka 2007 serikali yake ilitoa agizo kwamba lama (mwalimu mkubwa wa dini hiyo) akifa na akazaliwa upya, kuzaliwa huko lazima kupate kibali cha serikali. Yaani hadi kurudi duniani kunataka muhuri, ajabu kweli.

Ila ukifuatilia unaona hawafanyi mchezo. Watibeti wanaamini lama mkubwa akifa anarudi katika mwili wa mtoto, sasa huyo mtoto anatafutwa na akipatikana analelewa kwenye monasteri. Dalai Lama wa sasa, wa 14, alizaliwa 1935 kwa wakulima tu wa kijiji cha Taktser. Watafutaji walimkuta ana kama miaka miwili, wakamwekea mbele vitu vya marehemu wa 13 vimechanganywa na vingine, dogo akaokota vya marehemu. Basi, huyo ndio mwenyewe.

Jeshi la China liliingia Tibet 1950. Tarehe 10 Machi 1959 watu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, wakalizunguka jumba la Dalai Lama wakihofia anatekwa, siku chache baadaye akatoroka usiku kavaa kama askari, akavuka milima mpaka India na mpaka leo yuko Dharamshala. Ndio maana kila 10 Machi Watibeti walioko nje wanaandamana na bendera yao, ambayo kule kwao ukikutwa nayo imekula kwako, na hata picha ya mzee ni marufuku. Na huyu mzee wala hadai uhuru kamili, anaomba Tibet ijitawale ndani ya China, na siasa rasmi aliziacha 2011! Lakini bado ndiye anayewaunganisha Watibeti wote, kwa hiyo ukimshika atakayemfuata umelishika vuguvugu zima bila risasi.

Jinsi inavyofanyika tulishaiona kwa Panchen Lama, anayemfuata kwa ukubwa na ambaye kimila ana sauti kwenye kumtambua Dalai Lama mpya. Mei 1995 Dalai Lama alimtangaza Gedhun Choekyi Nyima, mtoto wa miaka 6. Siku tatu baadaye mtoto na wazazi wake wakachukuliwa, na hajaonekana hadharani tena. Novemba serikali ikaleta chombo cha dhahabu cha kuchomolea majina, utaratibu wa mfalme wa China wa mwaka 1793, ikachezesha kura hekaluni Jokhang na kumtoa mtoto mwingine. Mwaka 2020 China ilisema yule wa kwanza kamaliza masomo, ana kazi yake na hataki kusumbuliwa. Haya, si aje aseme mwenyewe?

Julai 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 90, Dalai Lama alisema atakuwepo mrithi na taasisi yake ya Gaden Phodrang ndiyo pekee ya kumtambua. Beijing ikajibu kilekile, chombo cha dhahabu na kibali. Kwa hiyo mzee akifa uwezekano wa kuwa na Dalai Lama wawili ni mkubwa tu, na wanaharakati wanahangaika na serikali za nje mapema zisije zikamtambua wa Beijing. Marekani ilishapitisha sheria 2020 ya kuwawekea vikwazo maofisa wa China watakaoingilia, nchi nyingi zilizobaki ziko kimya.