Sauti Haitoki kwenye Linux? Acha Kufuta, Anza Kutafuta

Juzi nimeletewa tena laptopu ambayo "imepoteza drayva ya sauti". Mwenyewe alikuwa ameshafuta PulseAudio, ambayo ni seva ya sauti, yaani programu inayopokea sauti za programu zote na kuzipeleka kwenye kadi, akairudisha, akaifuta tena pamoja na kila kifurushi chenye neno alsa, na kwa kuwa vifurushi hivyo hutegemeana, mazingira ya dawati ya GNOME nayo yakaondoka. Alibaki na skrini nyeusi inayomwomba jina na nywila. Nilipomaliza kurudisha vilivyofutwa, nikakuta ugonjwa wenyewe: sauti ilikuwa inapelekwa HDMI, kwenye skrini ya nje aliyokuwa ameitumia siku chache nyuma. Kuirudisha kwenye spika kulichukua chini ya dakika moja.

Kisa hiki nimekutana nacho mara nyingi mno, kwa watu tofauti na kompyuta tofauti, kwa hiyo nakiandikia.

Dhana: "Hakuna sauti, basi drayva haipo. Niiweke upya."

Kwenye Linux drayva za sauti huja ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, zikiwa moduli, vipande vinavyopakiwa vinapohitajika. Kadi iliyo ndani ya kompyuta nyingi huendeshwa na moduli ya snd_hda_intel, na karibu kila kifaa cha sauti cha USB huendeshwa na snd_usb_audio. Mfumo unaozibeba ni ALSA, ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998 na kuingizwa rasmi katika kerneli 2.6 iliyotoka Desemba 2003, ukachukua nafasi ya OSS, mfumo wa sauti uliokuwapo kabla yake. Huwezi kuweka ALSA upya kwa apt, zana ya kuweka na kufuta vifurushi. Unapoandika amri ya kurudisha alsa-utils, unarudisha zana kama alsamixer na aplay. Alsa-base nayo, pale ilipo, ni mafaili machache ya mipangilio ya moduli. Drayva haijaguswa, iko palepale ilipokuwa kwenye kerneli.

Kuna sababu nyingine inayofanya kuweka upya kusisaidie, na hii watu wengi hawaijui. Uchaguzi wako wa spika, kiwango cha sauti na wasifu wa kadi (mpangilio wa njia zake za kuingiza na kutoa sauti) havikai ndani ya kifurushi. WirePlumber, msimamizi wa PipeWire, seva ya sauti ya mifumo mingi ya leo, huvihifadhi katika ~/.local/state/wireplumber, PulseAudio huvihifadhi katika ~/.config/pulse, na viwango vya ALSA hukaa katika /var/lib/alsa/asound.state. Apt haigusi folda yako ya nyumbani. Unaweza kufuta na kurudisha mara kumi, na kila mara mfumo utasoma kumbukumbu ileile yenye kosa lilelile. Hata anayeweka mfumo mzima upya huku akihifadhi /home yake huamka asubuhi na tatizo lake la jana.

Kwa hiyo usifute chochote. Sauti hupita vituo vinne: programu yako, seva ya sauti, moduli ya kerneli, kisha kadi yenyewe. Kazi yako ni kujua inakatikia kituo gani, na mimi huanzia chini.

Andika `aplay -l`. Kadi yako ikitajwa hapo, drayva ipo na imeishika. Neno drayva uliondoe kinywani kuanzia dakika hiyo.

Kisha fungua alsamixer na ubonyeze F6 uchague kadi halisi. Hatua hii huachwa sana. Usipochagua kadi, mara nyingi unaoneshwa mhimili mmoja tu wa kiwango, ule wa seva ya sauti, na mhimili huo hausemi lolote kuhusu kinachotokea kwenye kadi. Ukiona herufi MM chini ya Master, Speaker au Headphone, njia hiyo imezibwa. Bonyeza M iachie. Tazama pia Auto-Mute Mode. Kipengele hiki huzima spika hedifoni zinapochomekwa, na tundu lenye uchafu au swichi yake iliyokwama huifanya kompyuta iamini kuna hedifoni wakati hazipo. Nimesafisha matundu mengi ya namna hiyo kwa watu waliokwisha kuambiwa wanunue kadi mpya.

Sasa jaribu kadi bila kupitia seva: `speaker-test -D plughw:1,0 -c 2 -t wav`, ukiweka namba za kadi na kifaa ulizoziona kwenye aplay. Ikikuambia kifaa kina shughuli, kuna kitu kinapiga sauti kupitia kadi hiyo, kisimamishe kwanza. Ukisikia sauti ya mtu akitaja upande wa kushoto na wa kulia, moduli na kadi ni nzima, na tatizo liko juu yake.

Juu yake ni seva. `wpctl status` itakuonesha vifaa vyote, na chenye nyota ndicho kinachopokea sauti kwa sasa. Ikiwa nyota iko kwenye HDMI, chukua namba ya spika zako uandike `wpctl set-default` na namba hiyo. Ikiwa spika hazimo kabisa kwenye orodha ya matokeo, fungua pavucontrol, nenda kichupo cha Configuration, utazame wasifu wa kadi. Mara nyingi utakuta Off, au wasifu wa HDMI, badala ya Analog Stereo Duplex. Kichupo cha Playback nacho huonesha kila programu inapeleka wapi sauti yake, maana kivinjari kinaweza kung'ang'ania kifaa cha zamani huku programu nyingine zote zikiwa sawa.

Ukitaka kweli kuanza upya, basi anza upya penye kumbukumbu. Simamisha WirePlumber kwa `systemctl --user stop wireplumber`, badilisha jina la ile folda ya state, kisha iwashe tena. Hilo ndilo linalofanya kile ambacho watu hudhani amri ya purge (kufuta kifurushi pamoja na mipangilio yake) inafanya, na likienda vibaya unarudisha jina la folda, mambo yanakuwa kama awali.

Na ikiwa aplay haioni kadi yoyote, na kwenye mipangilio unaona Dummy Output, yaani kifaa cha bandia, peke yake? Hapo ndipo dhana ile inapokaribia ukweli, lakini hata hapo jibu huwa mara chache kuweka drayva. Andika `lspci -nnk`, tafuta mstari wa kifaa cha sauti, uone kama kuna moduli iliyokishika. Kisha soma `sudo dmesg | grep -iE 'snd|sof|hda'`. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni hupitisha sauti kwenye DSP, kichakata kidogo cha sauti, na hicho huhitaji fimwea (programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe) iitwayo SOF. Moduli ipo, inaita faili la fimwea, hailipati, inakata tamaa. Dawa ni kifurushi kimoja: firmware-sof-signed kwenye Debian, alsa-sof-firmware kwenye Fedora, sof-firmware kwenye Arch. Washa upya, kadi itatokea.

Wapo watakaokushauri uweke `snd-intel-dspcfg.dsp_driver=1` kwenye vigezo vya kerneli ili kuikwepa DSP. Kwenye baadhi ya mashine spika zitalia, na wewe utafurahi mpaka siku ya mkutano utakapogundua maikrofoni haipo. Maikrofoni za kidijitali za laptopu hizo zimeunganishwa kwenye DSP ileile uliyoikwepa. Weka fimwea.

Inabaki kompyuta mpya kabisa, iliyotoka baada ya kerneli yako. Hiyo kweli inaweza kukosa drayva, na dawa yake ni kerneli mpya zaidi. Kupakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji, kama watu walivyozoea kwenye Windows, hakutakufikisha popote.

Dhana: "PulseAudio ndiyo mchawi. Iondoe."

Sifa hii mbaya ina umri. Lennart Poettering aliianza mwaka 2004. Fedora 8 ikaichukua 2007 na Ubuntu 8.04 ikafuata 2008. Siku zile ilisumbua kweli, kwa sehemu kwa sababu ilizitaka drayva zifanye mambo ambayo nyingi hazikuwahi kuyafanya sawasawa. Ushauri wa kuifuta uliandikwa wakati huo na bado unanakiliwa neno kwa neno.

Lakini huenda huna PulseAudio. Fedora 34 ilihamia PipeWire, kazi ya Wim Taymans, mwaka 2021, na Ubuntu ikafuata kwenye 22.10. Andika `pactl info` usome mstari wa Server Name. Ukiona "PulseAudio (on PipeWire", ni PipeWire inayozungumza lugha ya PulseAudio ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Watu wanafuta kitu kisichotumika na kuchomoa kinachotumika.

Tena seva unaihitaji. Kadi nyingi za kawaida haziwezi zenyewe kuchanganya sauti za programu mbili. Bila wa kuzichanganya, wa kwanza kuifungua anaishika na wengine wanasubiri.

Dhana: "Amri ikikataa, weka sudo mbele."

Kwa sauti, sudo huharibu. PipeWire na PulseAudio huendeshwa ndani ya kipindi chako wewe mtumiaji, na soketi zake ziko chini ya /run/user na namba yako. Root, yaani msimamizi mkuu ambaye sudo hukugeuza kuwa, hana seva ya sauti, hivyo `sudo pactl` itakuambia muunganisho umekataliwa, na wewe utadhani seva imekufa. Ubaya zaidi ni kuwasha PulseAudio kwa sudo: mafaili ndani ya ~/.config/pulse yanaweza kugeuka mali ya root, na kuanzia hapo wewe mwenyewe huwezi kuyaandika. Ikiwa ulishafanya hivyo, `sudo chown -R $USER: ~/.config/pulse` ndiyo sudo pekee unayoihitaji hapa. Seva huwashwa upya hivi, bila sudo: `systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`.

Ndugu wa dhana hii ni ile ya kujiongeza kwenye kundi la audio. Kwenye mifumo ya leo logind, huduma inayosimamia wanaoingia kwenye kompyuta, humpa ruhusa ya /dev/snd yule aliyekaa mbele ya kompyuta. Thibitisha kwa `getfacl /dev/snd/*`. Ukijiweka kwenye kundi hilo, programu zako zinaweza kuishika kadi hata mwingine anapokuwa amekaa kwenye kiti, na maikrofoni ni sehemu ya kadi hiyo. Kundi hilo lina kazi yake kwa huduma zinazopiga sauti bila mtu kuingia. Kwa laptopu ya kawaida halina.

Dhana: "Kadi yangu ni namba 0."

Leo, labda. Namba hufuata mpangilio ambao kerneli ilizikuta kadi, na kifaa cha USB kilichochomekwa kabla ya kuwasha kinaweza kuziruka zote. Mafaili ya asound.conf (mipangilio ya ALSA) yaliyoandikwa kwa namba huvunjika hivyo. Tumia jina: kama aplay inasema PCH, andika `hw:CARD=PCH`.

Dhana: "Hedifoni zangu za bluetooth zimeharibika, kwenye mkutano zinasikika kama simu."

Hazijaharibika. Muziki hupita A2DP, wasifu wa bluetooth ambao ni wa kusikiliza tu. Maikrofoni ya hedifoni inapohitajika, kifaa huhamia HSP au HFP, wasifu wa mazungumzo ya simu, sauti inakuwa mono, kwa sampuli 8,000 kwa sekunde ukitumia kodeki ya CVSD au 16,000 ukitumia mSBC. Ushauri wangu, na ninaurudia kwa kila anayeniuliza: sikiliza kwa hedifoni, zungumza kwa maikrofoni ya laptopu, uache wasifu kwenye A2DP.

Dhana: "Inakwaruza, kadi inakufa."

Tofautisha. Mlio mfupi wa "pu" kabla ya kila sauti mara nyingi ni kadi inayoamka usingizini. Tazama namba iliyo katika /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save, na kama si 0, ijaribu ikiwa 0. Mkwaruzo unaoendelea katikati ya wimbo mara nyingi ni bafa, akiba ndogo ya sauti inayosubiri kupigwa, isiyojazwa kwa wakati. Fungua pw-top utazame safu ya ERR. Ikipanda kila inapokwaruza, umempata. Bafa ya sampuli 1024 kwa 48,000 kwa sekunde huipa kompyuta milisekunde 21 hivi za kuandaa kipande kinachofuata. Ipe zaidi kwa `pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048`, sikiliza, kisha uweke 0 kurudi ilivyokuwa. Na kabla ya yote hayo, shusha sauti iliyopandishwa hadi asilimia 150: juu ya 100 vilele vya mawimbi hukatwa, na mkwaruzo huo hakuna kadi mpya itakayouondoa.

Kupandisha kadi hadi 192 kHz "ili sauti iwe safi" hakutakusaidia pia. Sikio la binadamu huishia karibu 20 kHz, na 48 kHz inatosha kulibeba hilo lote.

Ukikwama, omba msaada kabla hujafuta kitu, na uje na matokeo ya `aplay -l`, `wpctl status`, `pactl info` na ile mistari ya dmesg. Taja pia kama sauti inatoka ukiwasha kompyuta kwa flashi yenye distro (mfumo wa Linux) nyingine, na kama mashine ina Windows pembeni, uizime kabisa kwanza badala ya kuiwasha upya tu, kwa sababu baadhi ya kadi hubaki katika hali ambayo Windows iliziachia.