Je, wajua kwa nini kikosi cha Iceland kilikutana sana na "Dubu" wa Kisovieti?

Iceland haina jeshi. Hata hivyo, wakati wa Vita Baridi, kikosi cha ndege za kivita za Marekani kinachohesabiwa kuwa kilikutana angani na ndege nyingi zaidi za Kisovieti kilikuwa huko, kwenye uwanja wa ndege wa Keflavik. Ni Kikosi cha 57, kilichojulikana kama Black Knights. Kiliundwa mwaka 1941, kikahamia Keflavik mwaka 1954. Kwa nini huko, na si Ujerumani, ambako majeshi ya pande mbili yalikuwa yakitazamana uso kwa uso?

Jibu liko kwenye ramani. Manowari, nyambizi na ndege za Kisovieti za upande wa kaskazini zilikuwa na makao kwenye rasi ya Kola, jirani na Murmansk. Ili kufika Atlantiki zilizunguka Norway kwa juu, kisha zikapenya ama kati ya Greenland na Iceland, ama kati ya Iceland na Uingereza. Njia nyingine ya maana haikuwapo. Keflavik ni kama baraza ya nyumba iliyojengwa kwenye kona ya mtaa: ukikaa hapo, kila apitaye utamwona. Tangu mwaka 1970, ndege za masafa marefu za Kisovieti zilianza pia kuruka kutoka Kola hadi Cuba, na zote zilipita mlango huo huo.

Mgeni mkuu alikuwa Tu-95, ambayo nchi za NATO ziliipa jina la Bear, yaani dubu. Ndege hii ina injini nne, na kila injini inazungusha pangaboi mbili zilizofuatana, moja ikizunguka kuelekea kulia na nyingine kuelekea kushoto. Ncha za mapanga yake hukimbia kwa kasi kubwa mno, ndiyo maana ni miongoni mwa ndege zenye kelele kuliko zote duniani.

Rada ikinasa kitu kisichojulikana, king'ora kililia, na marubani waliokuwa zamu walikimbilia ndege zilizokwisha kujazwa mafuta na kufungwa makombora. Walitakiwa kuwa hewani ndani ya dakika chache tu, iwe usiku, iwe theluji.

Na wakishamfikia Dubu? Hapa ndipo wengi hukosea. Hawakumfyatulia risasi, maana alikuwa juu ya bahari ya kimataifa na alikuwa na haki ya kuruka pale. Walisogea ubavuni mwake, wakasoma namba, wakapiga picha za antena na matundu ya chini, wakaandamana naye mpaka atoke eneo lao. Picha za miaka hiyo zinaonyesha F-4, ndege ya kivita ya Kikosi cha 57, yenye mkia wa miraba myeusi na myeupe ikienda bega kwa bega na lile dubwana la fedha. Mara nyingine askari wa Kisovieti aliyeketi kwenye kioo cha nyuma alipunga mkono, na rubani wa Marekani akampungia. Mimi sichoki kuwaza kukutana huko: watu wawili wenye amri ya kuuana vita vikianza, wakisalimiana juu ya maji ya barafu.

Ndege zenyewe zilibadilika: F-89, kisha F-102 kuanzia 1962, F-4 kuanzia 1973, na F-15 kuanzia 1985. Kazi haikubadilika.

Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, wageni wakaadimika. Machi 1995 kikosi kilivunjwa, na mwaka 2006 Wamarekani wakafunga kambi yao ya Keflavik. Mwaka uliofuata Urusi ilitangaza kurudisha safari za doria za masafa marefu. Mei 2008 ndege za Ufaransa zilitua Keflavik kulinda anga kwa wiki kadhaa, na tangu hapo nchi za NATO zimekuwa zikipokezana zamu hiyo.