Baraza Iliyokuwa Usita wa Mui

Wiki mbili zilizopita niliitwa nikatazame ukuta wa duka moja katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, si mbali na Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome. Mwenye duka, kijana wa rika la wanangu, alitaka kujua kwa nini plasta yake ya saruji, ambayo haijatimiza miaka mitano, inabanduka na kumwaga unga mweupe juu ya bidhaa. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, ukuta ukajibu kwa mlio mtupu. Jibu nilikuwa nalo papo hapo, ila sikulitoa. Nilikuwa natazama chini, pembeni mwa mlango, mahali palipokuwa na baraza.

Duka lile nalijua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa. Mama alinipeleka kununua robo ya sukari na uzi wa kushonea kofia, nami nikifika nawakuta wazee watatu, wanne, wamekaa na vikombe vya kahawa, mmoja akiwa na kofia mkononi anaishona. Ukipita bila kuwaamkia, habari hufika nyumbani kabla yako. Siku hizo Ngome ilikuwa bado jela, na watoto tukipita chini ya kuta zake tulikuwa tukikaza mwendo. Ilipofika mwaka 1984 wafungwa wakahamishwa, na polepole lile jengo la hofu likawa mahali pa maonyesho na harusi. Mabadiliko hayo sijamsikia mtu akiyalilia.

Nimetengeneza nyumba za mawe za Lamu kwa zaidi ya miaka 25, na swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu waliozaliwa hapa ni lini tutaurudisha mtaa ulivyokuwa. Kwa kweli hata mimi moyo wangu hulitaka hilo. Lakini kazi hii imenifundisha kuuliza: ulivyokuwa lini? Usita wa Mui wenyewe uliwahi kuwa ukingo wa bahari. Ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilisimama karibu na maji. Katika karne hiyohiyo watu wakaendelea kujaza ufuo kwa vifusi na taka, wakajenga majumba upande wa baharini, na ule ukingo wa zamani ukabaki katikati ya mji. Wakaja wafanyabiashara wa Kihindi, wakafungua kuta zilizotazama njia, wakatia milango mipana ya mbao ya kukunja. Kwa hiyo hata lile duka la utoto wangu, kuna mzee wa wakati wake aliyelitazama akaona mji umeharibika.

Basi mimi sishindani na duka kuwa duka. Ninachoshindania ni daka na baraza, na chokaa.

Daka ni ule ukumbi mdogo ulio mbele ya mlango mkubwa wa nyumba, wenye baraza mbili zinazotazamana. Aliyekaa pale hajaingia ndani, wala si mtu wa njiani tena. Hapo mwenye nyumba hupokea watu bila kuwasumbua wanawake wa ndani, hapo mgonjwa huulizwa hali, hapo deni huombewa muda. Madukani baraza zilifanya kazi hiyohiyo. Njia zetu ni nyembamba, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hungoja, kwa hiyo baraza ndiyo nafasi pekee ya kukaa bila kumzuia mtu. Ikivunjwa ili rafu moja ya bidhaa itokeze nje, watu hawahamii pengine. Huacha tu kukaa.

Sasa ukuta. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, na jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, hunywa maji kutoka ardhini pamoja na chumvi. Chokaa, ambayo nayo hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yaive, huyaruhusu maji hayo kutoka. Fundi aliyenifunza aliniwekea kiganja ukutani alfajiri moja, ukuta wa baridi kidogo, akaniambia, "Mwanangu, ukuta huvuta pumzi kama weye." Ukiuziba kwa saruji, maji hayana njia. Chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma, ndiyo ule unga mweupe. Kibaya zaidi, unyevu huifuata ncha ya boriti ilikoingia ukutani, na boriti ya mkoko inayoweza kudumu vizazi huoza mahali ambapo jicho halifiki. Siku dari inapolegea, mwenye nyumba husema nyumba za mawe zimezeeka.

Watu wengi huchukua saruji kwa sababu iko tayari dukani na hukauka upesi. Chokaa hutaka subira, na mafundi wake wanapungua. Nalielewa hilo. Linalonikera ni nyumba zinazokarabatiwa kwa uzuri wa kupendeza, niru, ile chokaa ya kumalizia ukuta, laini, vidaka vya ukutani vyote mahali pake, kisha mlango unafungwa karibu mwaka mzima kwa sababu mwenyewe yuko ng'ambo. Familia iliyouza imekwenda kujenga kwa matofali katika mitaa ya Wiyoni au Kashmiri. Tangu mji ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 tumejifunza sana kulinda kuta, na hilo ni jema, ila mimi hupita mbele ya milango ile jioni na kuona giza kwenye madaka.

Nikamweleza yule kijana: saruji yote itoke, ukuta uachwe uchi mpaka ukauke, hata kama ni miezi, kisha chokaa. Akanyamaza akihesabu gharama. Kisha akauliza, "Na hapo chini ulipokuwa ukitazama, Ami, pana nini?" Nikamwambia. Marehemu babake alikuwa mmoja wa wale waliokaa.

Jumamosi tulianza kubandua. Upande wa kushoto wa mlango baraza ilikwisha kuvunjwa kabisa. Upande wa kulia mawe yapo, yamefunikwa tu, na ukingo wake wa mbele umelainika kwa kukaliwa. Huo ataurudisha. Upande wa kushoto ameuomba ubaki kama ulivyo, anahitaji mahali pa friza, nami nimekubali. Tumepima: urefu wa baraza ni hatua mbili na nusu za mguu wangu, watu watatu wakibanana.