Bakuli la matunda la mtu wa sukari: tunayoambiana na yalivyo kweli

Mama alipoambiwa ana sukari, kitu cha kwanza kupigwa marufuku kwetu Kirumba, Mwanza, kilikuwa embe. Si soda, si ule mlima wa ugali wa muhogo, embe. Shangazi kavuka ziwa pale Busisi na mananasi yake matatu kutoka Sengerema kaishia kufokewa mlangoni kama kaleta bangi. Tulikuwa tunampenda mama ila kitu tulikuwa hatukijui.

Basi tuanze na hiyo hiyo, eti mtu wa sukari hali matunda. Uongo. Anakula, tena anashauriwa ale, ila yanahesabiwa kwa sababu yana sukari na wanga pamoja na hizo nyuzinyuzi tunazozisifia. Hesabu inayotumika sana ni kwamba fungu moja la tunda lina kama gramu 15 za wanga: chungwa dogo moja, au kikombe cha papai la vipande, au nanasi robo tatu ya kikombe. Ndizi mbivu kubwa moja ni mafungu mawili hayo, watu hawaamini.

Mimi mwenyewe sikuamini mpaka nilipobeba embe dodo nikaenda kwa Mangi wa duka anipimie kwenye mzani wake wa unga, nikarudi nyumbani nikalimenya, nikatoa kokwa, nikaenda tena na bakuli (Mangi ananitazama tu hasemi kitu), nyama peke yake ikagonga karibu gramu 300. Sasa gramu 100 za embe bivu zina sukari kama gramu 14, piga mara tatu unapata 42, na kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Vijiko kumi! Na mama akiwa sokoni Mwaloni anauza dagaa wake alikuwa anamaliza mawili hajanyanyuka kwenye kigoda. Lakini lile lile embe ukilikata nusu kikombe tu ukalichanganya na tango zima na parachichi, embe lenyewe limeweka gramu kama 12 tu za wanga na bakuli limejaa. Tunda halikubadilika, kilichobadilika ni kisu.

Halafu kuna wale wa upande wa pili, "ni sukari ya asili bwana haina shida". Hawa ndo wanaoniumiza kichwa zaidi maana wanaongea kwa upole. Juisi freshi bila sukari, glasi moja imekula machungwa matatu mpaka manne ya Ukerewe, nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye chujio, we unakunywa dakika moja kitu ambacho ungekitafuna nusu saa ukachoka. Sukari inapanda haraka, mwili haujui kama imetoka kwenye mti au kiwandani.

Na asali. Asali ya Tabora ikiingia nyumbani inakuwa dawa ya kila kitu, kikohozi, vidonda, na sasa inamwagwa juu ya saladi ya mgonjwa wa sukari eti haidhuru. Kijiko cha chai cha asali kina wanga kama gramu 6, kinazidi hata kijiko cha sukari yenyewe kwa sababu asali ni nzito. Maziwa mazito ya kopo sitaki hata kuyaongelea.

Tikitimaji? Wengine wanasema ni maji tu, wengine wanasema ni sumu. Kweli sukari yake inaingia kwenye damu haraka, ila ni kidogo, kikombe kimoja hakifiki gramu 12 za wanga. Shida ni joto la Mwanza, nani anakula kikombe kimoja.

Parachichi lina mafuta, ndiyo, na ni mafuta mazuri, wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi. Nusu inatosha kwa sababu linashibisha na linanenepesha ukizidisha.

Limao nalo halikati sukari uliyokwisha kuila. Uchachu ni asidi tu, chungwa linalokunja uso bado lina sukari yake. Ila limao naliweka kila siku, na mbegu za pasheni moja, kwa sababu vikishakamuliwa juu hakuna anayeulizia asali. Bakuli la mama linakuwa hivi: tango, pera moja na mbegu zake, papai nusu kikombe, parachichi robo, karanga kavu kiganja. Na siku ya bakuli hilo ugali unapungua, hapo ndo tulipogombana kweli kweli, maana kwake saladi ni kitu cha juu ya chakula hakihesabiki. Sikuendelea kubishana, nikamwambia mama tupime sukari masaa mawili baada ya kula, siku moja na ugali wote, siku nyingine na nusu. Mashine ikamjibu yenyewe.

Mawili ya kuuliza kliniki kabla hujakata chochote: kama figo zina shida, maana ndizi, chungwa na parachichi vina potasiamu nyingi, na kama anameza dawa za presha au za kolestro, kwa sababu balungi linagombana na baadhi yake, nifedipini mojawapo.

Halafu kuna siku mambo yanageuka. Mtu anayechoma insulini au anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, akianza kutetemeka, jasho jembamba, anaongea vitu havieleweki, ukipima sukari iko chini ya 4 (mmol/L), hapo usimkimbilie na bakuli la parachichi, mafuta yanachelewesha sukari kuingia. Kama bado anaweza kumeza mpe ile ile juisi niliyoitukana, nusu glasi, subiri dakika 15 upime tena. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, ita bodaboda, bajaji, jirani mwenye gari, yeyote, hospitali.