Njia Haina Magari, Lakini Ina Mchanga

Jumamosi iliyopita amenijia mgeni mwingine wa kuongozwa kwa baiskeli. Katoka Dar na baiskeli mpya, kafika Mikindani, huku Mtwara, tumpeleke Msimbati kwa njia za ndani, zile za mashambani ambako unaweza kwenda saa nzima usipishane na gari. Akalipiga konzi tairi la nyuma, likalia kama debe. "Fundi, sikia hiyo! Njia tupu, tairi gumu, leo ni kuteleza tu."

Nikamwomba apunguze upepo. Akacheka. Tukaiacha lami, tukaingia kwenye minazi na mikorosho, na dakika 10 hazijaisha gurudumu la mbele lilikuwa limejichimbia, usukani umegeuka, mwenzangu yuko chini anauliza hii barabara inahudumiwa na nani.

Nimechoka kulisema hili kwa mtu mmoja mmoja. Tairi gumu ni jepesi kwenye lami, hapo sibishi. Ukienda Lindi kwa barabara kuu, jaza. Kwenye mchanga wetu tairi gumu ni jembe: linalima, na anayelima ni wewe kwa miguu yako.

Tairi huikandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na presha ya upepo uliomo ndani yake. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 60. Kwa presha ya paundi 60, sehemu ya tairi inayogusa chini ni kama sentimita za mraba 14, haifiki hata uso wa kiberiti. Shusha hadi paundi 30, inakuwa kama 28. Uzito ni uleule, ila umetoka kwenye kigoda umehamia kwenye mkeka. Ni hesabu ya makadirio, maana mpira wa tairi nao una ugumu wake, lakini mchanga hausubiri desimali.

Na watu husahau kwamba njia imekuwa laini kwa sababu hiyohiyo ya utulivu tunaoufuata. Hakuna lori la kuishindilia, hakuna greda linalopita. Mvua inauosha mchanga na kuulundika bondeni, ng'ombe na pikipiki wanaukoroga. Ukitaka njia isiyo na magari, hicho ndicho unachokuta. Kuna wageni huniuliza kama hatuwezi kufuata tuta la ile reli ya mradi wa karanga wa wakoloni wa Kiingereza, iliyokuwa ikienda Nachingwea, kwa kuwa wamesikia Ulaya reli za zamani zimegeuzwa njia za baiskeli. Wazo zuri, treni haipendi mlima. Lakini reli hiyo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tuta lisilotunzwa ni kichaka kama vichaka vingine.

Sasa upunguze kiasi gani? Vitabu vinakupa jedwali, mimi nina kidole gumba. Bonyeza tairi juu, katikati: libonyee kidogo, kama chungwa lililoiva, si kama embe lililooza. Kwa tairi la upana wa milimita 40 na mtu wa kilo 70 asiye na mizigo, mimi huanzia paundi 30 hivi. Kama baiskeli yako ina ile valvu ya zamani yenye kimpira ndani, geji hata haikusomei vizuri, kwa hiyo kidole ndicho kipimo. Nakiri kidole changu cha asubuhi na cha jioni havikubaliani.

Ukipunguza kupita kiasi utaadhibiwa. Niliwahi kushuka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma na matairi niliyoyalegeza kwa ajili ya mchanga wa juu. Nilijiona mjuzi. Jiwe la kwanza tu, rimu ikaibana tyubu dhidi ya jiwe, ikatoboka matundu mawili pacha, moja huku moja huku. Nikaziba. Jiwe la pili, vilevile. Solosheni ikaniishia jua likiwa utosini. Kwa hiyo pampu ifunge kwenye fremu mahali unapoifikia: mchanga, toa, mawe, jaza. Wavivu hawapendi kusikia hilo.

Hapo ndipo mtu huniletea hoja anayoamini itanimaliza: "Mbona yule mzee anapita na baiskeli ya Phoenix, tairi jiwe, na gunia la korosho kwenye keria?" Hoja nzuri, na jibu langu si kamili. Kwanza, akilegeza tairi na gunia lile, rimu inakula tyubu siku hiyohiyo, hana hiari. Pili, magurudumu yake ni makubwa, na haendi kasi. Tatu, na hili ndilo naliona kubwa, anaujua mstari. Tazama njia yoyote ya kijijini: pembeni, mara nyingi chini ya vivuli vya mikorosho penye majani makavu na mizizi, pana ukanda mwembamba ulioshindiliwa, upana wa kiganja. Hiyo ndiyo barabara yao. Wageni hupita katikati kwa kuwa katikati ni pana. Nne, mzee hushuka. Kwenye mchanga mzito anasukuma bila aibu, ila wewe ulimwona alipokuwa amepanda. Bado kuna vijana nimewaona wakipita na matairi magumu mahali nilipozama mimi, wakanisalimia "Shikamoo" wakaendelea. Sina maelezo. Nilisema marahaba.

Kuhusu mvua, watu wanajumlisha mno. "Usiendeshe baada ya mvua." Inategemea unakanyaga nini! Mchanga mbichi hushikamana, njia iliyokutesa jana inakuwa kama sakafu. Udongo mweusi wa mabondeni ndio adui: unajaa kwenye breki na madigadi ya gurudumu mpaka halizunguki, tena hapo hakuna presha ya kukuokoa. Subiri ukauke au beba baiskeli begani.

Mengine kwa haraka. Gia badilisha kabla ya kuingia mchangani, si ukiwa ndani. Breki ya mbele isahau. Uwanda wa Makonde una shida ya maji ya juu ya ardhi tangu zamani, beba lita 4. Njaa ikikushika, nunua ming'oko, vile viazi pori, ya kuchemsha. Na msimu wa korosho chunga mabibo yaliyooza njiani, yanateleza kuliko sabuni, halafu nzi wanakufuata mpaka nyumbani.

Kuna jambo moja sijalitatua. Alfajiri ndio wakati bora wa mchanga, kwa sababu umande umeushika. Saa 12 asubuhi unapita mahali ambapo saa 5 utasukuma. Lakini kiangazi, kuanzia Juni hivi, alfajiri hiyohiyo ndio wakulima wanapulizia salfa mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, kwa sababu umande unaishikisha dawa kwenye majani na upepo bado umelala. Unakata kona, unakuta wingu la njano limetanda njia nzima, mashine inanguruma, mwenye nayo hakusikii. Macho yanawaka siku nzima. Leso haisaidii sana.

Julai iliyopita niliamua kuwa mstaarabu. Nikawasimamisha wageni wangu chini ya mwembe, tukanywa chai ya chupa, tukasubiri wamalize. Saa 3 salfa ilikuwa imetulia, mkulima akatupungia mkono tupite. Mchanga nao ulikuwa umeshakauka. Tukasukuma.